Tanuri Linalokula Adhuhuri

Mtunza stoo wa hospitali aliugeuza mkate juu chini, akapitisha kidole tumboni mwake kama askari anayekagua lori, kisha akakiinua kidole hicho mpaka usawa wa macho ya mwanamke aliyeuleta.

"Hiki ni nini, mama?"

"Majivu, mwanangu. Kidogo tu. Ukiukung'uta yanaondoka."

"Wagonjwa wangu hawali majivu."

Wagonjwa aliowaita wake alikuwa nao kwa miezi minne. Mama Waya alikuwa nao kwa miaka ishirini na sita, mikate mia mbili na arobaini kila asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Alisimama na kapu lake mlangoni, akisubiri kusainiwa stakabadhi.

Badala ya stakabadhi alipewa barua. Mtunza stoo alimsomea kwa sauti ya kusikika hadi kwenye foleni ya dawa, kana kwamba anayesoma polepole ni kiziwi. Kuanzia tarehe mosi, hospitali, shule na magereza yote hayatanunua chakula kilichopikwa kwa kuni wala mkaa. Nchi inapunguza moshi. Miti imekwisha, hewa imechafuka, na umeme wa jua upo. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

"Ila kuna njia," mtunza stoo akashusha sauti, akamsogezea karatasi nyingine. "Tia sahihi hapa kwamba hutumii kuni. Wenzako wote wametia. Nani atakuja kuchungulia jikoni kwako?"

Mama Waya aliitazama ile karatasi. Kalamu ilikuwa tayari, imefungwa kamba mezani isiibwe.

"Mwanangu," alisema, "mimi nanuka moshi toka utosini mpaka kidole cha mguu. Nikitia sahihi hapo, hata hiyo karatasi itacheka."

Foleni ya dawa ilicheka kwa niaba ya karatasi. Mtunza stoo hakucheka. Akasaini stakabadhi kwa hasira hadi kalamu ikatoboa.

Nyumbani mumewe alikuwa ameketi kwenye kreti lililopinduliwa karibu na mdomo wa tanuri, mahali pake pa siku zote. Kazi ya mke ilikuwa unga, na ya mume moto. Kila siku ya Mungu Baba Waya aliamka wa kwanza, akapanga kuni ndani ya tanuri lile la matofali lililojaa nusu ya ua, akawasha, akachochea hadi matofali ya darini yakageuka kutoka meusi kuwa meupe. Ndipo akavuta makaa yote nje na kumwita mkewe. Kwa kuwa ndiye aliyeamka wa kwanza, mkate wa kwanza kutoka ulikuwa wake. Haukukatwa kwa kisu. Mkewe aliumega kwa mkono, ukiwa bado unatoa mvuke, na kumpa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba yao, na hakuna aliyekumbuka nani aliitunga.

Mwaka uliopita daktari wa hospitali ile ile alimsikiliza kifua, akamwambia achague tanuri au mapafu. Baba Waya alichagua tanuri, kwa sababu, alivyosema, mapafu hayakuwa na oda ya mikate mia mbili na arobaini.

Sasa aliisoma barua mara mbili, akakohoa katikati ya kila aya.

"Kwa hiyo serikali na daktari ni kitu kimoja," alisema. "Wote hawautaki moshi wangu."

"Usilete mzaha, Baba Waya. Tukiikosa hospitali, tumebakiwa na nini? Mikate thelathini ya mtaani?"

"Si kuna matanuri ya umeme? Yule muuzaji aliacha karatasi."

Karatasi ilikuwepo, imekunjwa chini ya kopo la hamira. Mama Waya aliikunjua, akasoma bei, akaikunja tena taratibu.

"Kwa bei hii," alisema, "liwe linakanda lenyewe, linapeleka mikate lenyewe, na mwisho wa mwaka lituzalie mjukuu."

Mumewe alicheka mpaka kicheko kikawa kikohozi, na kikohozi kikawa kirefu, na mkewe akaacha kucheka akamshika mgongo. Chini ya kiganja chake alisikia mbavu zikigongana kama vikombe kwenye sinia. Hofu aliyokuwa ameisukumia pembeni tangu asubuhi ikarudi ikakaa kifuani kwake: tanuri likizimwa, wamekufa njaa, likiendelea kuwaka, huyu hatauona mwaka mwingine.

Jioni ile binti yao alirudi kutoka kazini. Jina Waya alipewa na baba yake akiwa na miaka mitano, kwa wembamba, kisha akakua akaenda chuo cha ufundi akasomea umeme, na baba akadai alitabiri. Alikuwa fundi wa majokofu sokoni. Aliikuta barua mezani, akaisoma akiwa amesimama, mkoba ungali begani.

Kabla hajasema neno, jirani yao fundi cherehani aliingia uani bila hodi, kama kawaida yake, kuchukua chungu chake. Hiyo nayo ilikuwa desturi ya mtaa. Asubuhi mikate ikishatoka, majirani walileta vyungu vya maharage, Mama Waya akavisukuma ndani ya tanuri tupu, akaziba mdomo kwa bati na gunia bichi, na vyungu vikakaa humo kutwa nzima. Hakuna aliyelipa. Joto lingepotea bure.

"Shoga, nipe changu, wanangu wananguruma," fundi cherehani alisema.

Mama Waya akavuta bati, akatoa chungu kwa koleo la mbao. Kifuniko kilikuwa kinacheza. Maharage yalikuwa bado yanatokota.

Waya aliutua mkoba chini.

"Mama, makaa mmeyatoa saa ngapi?"

"Kwani hujui? Saa kumi na moja alfajiri."

"Na sasa ni saa kumi na mbili jioni." Akainama akaingiza mkono mdomoni mwa tanuri, akautoa haraka. "Kwa saa kumi na tatu hakuna moto humu, na maharage yanachemka."

"Ndivyo yalivyo siku zote," mama yake alisema. "Unashangaa nini, umezaliwa leo?"

"Nashangaa kwamba nimelitazama miaka ishirini na minne bila kuliona." Aliketi kwenye kreti la baba yake, na baba akamwachia bila ubishi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. "Sikilizeni. Mikate haiivi kwa kuni. Inaiva kwa matofali. Kuni zinayapasha tu, na matofali hayajui kilichoyapasha. Nikiweka koili, zile nyaya za kupasha joto, ukutani na darini, tukayapasha adhuhuri wakati umeme wa jua ni mwingi na bei imeshushwa, tukaziba, alfajiri yatakuwa tayari. Linakula adhuhuri, linafanya kazi alfajiri."

"Tangu adhuhuri?" baba yake aliuliza. "Kutokota ni kutokota, mwanangu. Mkate unataka moto wa kukufanya urudi nyuma. Litakuwa limepoa."

"Tukilivika koti halitapoa. Nahitaji kitu kikavu, laini, kisichoungua, cha kujaza kati ya tanuri na ukuta wa pili. Kingi. Kama magunia mia."

Kisha Baba Waya akainuka polepole, akajikohoza kwa heshima kama anayetaka kuhutubia mkutano, akaelekeza fimbo yake nyuma ya nyumba. Huko, chini ya mabati machakavu, lilikuwako lundo la majivu ya miaka mingi, ambalo mkewe alikuwa akimsihi alitupe tangu Waya akiwa anatambaa.

"Nani aliyeniambia ninaabudu takataka?" aliuliza. "Nataka nimsikie leo."

"Kaa chini, Baba Waya," mkewe alisema, lakini alikuwa anatabasamu.

Ofisi ya nishati ilikuwa na mfuko wa kuwasaidia wanaoacha kuni. Mama Waya na bintiye walipanga foleni toka saa mbili hadi saa sita. Karani wa dirishani alipitisha kalamu juu ya orodha yake mara mbili.

"Majiko ya gesi, yapo. Sufuria za umeme, zipo. Tanuri la umeme la kiwandani, lipo. Tanuri la matofali lenye majivu..." Alimgeukia mwenzake. "Eti wanataka kuliunganishia umeme tanuri la udongo." Mwenzake akacheka puani.

"Mama, hii ni ofisi ya teknolojia," karani alisema. "Nenda ujaribu kwenye makumbusho."

Waya alifungua mdomo, na mama yake akamkanyaga mguu. Alimjua mwanawe, neno likitoka moja, yatatoka kumi. Walikuwa wameshageuka waondoke, watu wakiwapisha kwa huruma ile inayouma kuliko tusi, mlango wa ndani ulipofunguliwa akatoka mwanamke kijana mwenye faili kwapani.

"Nani amesema tanuri lenye majivu?"

"Ni mimi, binti yangu," Mama Waya alisema. "Samahani kwa usumbufu."

"Linakaa na joto saa ngapi?"

Waya akajibu. Mwanamke yule, ambaye kumbe ndiye afisa wa nishati mwenyewe, aliuliza swali la pili, na la tatu, na karani akaanza kupanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Mwishoni afisa alisema maneno ambayo Mama Waya aliyabeba hadi nyumbani kama yai: "Kesho nitakuja kuliona."

Na akaja. Hakuja na gari wala msafara. Alikuja kwa miguu, na kipimajoto ndani ya soksi. Alikaa juu ya gunia la unga toka asubuhi hadi jioni, akaandika nambari kila saa, akala maharage ya fundi cherehani kwa kijiko cha kuazima. Alipoondoka alimpa Baba Waya mkono kwa mikono miwili.

"Mzee, mfuko utalipa nusu ya koili na mita ya bei ya adhuhuri. Lakini cheti siwezi kutoa kwa maneno. Mikate ikitoka sawa, naandika. Ikikataa, siandiki. Nitakuja tarehe thelathini alfajiri."

"Hata mimi nisingeandika," Baba Waya alimjibu.

Nusu nyingine ilitoka kwenye akiba ya Waya ya kununulia pikipiki. Mama yake alipotaka kusema kitu, Waya alimwambia miguu yake bado inafanya kazi.

Wiki mbili walifanya kazi, na huku moto ukiwa umezimwa, mikate ya hospitali wakaioka kwa kuazima tanuri la mtu wa mtaa wa mbali na kuibeba kwa mkokoteni. Mwalimu wa zamani wa Waya alikuja Jumamosi mbili kukagua nyaya, akakataa malipo, akakubali chai. Majirani walichekecha majivu kwa chandarua kikuukuu mpaka mtaa mzima ukafanana na watu waliofufuka. Baba Waya alikatazwa kukaribia vumbi, akaketi mbali amejifunga kitambaa puani, akiamuru kila tofali liwekwe wapi. Yeye ndiye aliyelijua tanuri: lipi hupasuka, lipi linakunywa joto, lipi liliwahi kubadilishwa mwaka wa mvua nyingi.

Tarehe ishirini na nane, saa nne asubuhi, Waya alipandisha swichi. Hakukutokea kitu. Hapakuwa na mlio wala cheche. Majirani waliokuja kushangilia hawakujua washangilie nini, wakarudi makwao. Saa tisa alasiri akaishusha, wakaziba mdomo. Alfajiri walipofungua, hewa iliyotoka ilimrudisha Mama Waya hatua mbili nyuma. Alitupa kiganja cha unga sakafuni mwa tanuri, akahesabu kimoyomoyo kama alivyofundishwa na mamake. Alipofika kumi na tano unga ukawa na rangi ya karanga. Sawasawa kabisa. Machozi yalimlengalenga.

Akaingiza mikate arobaini ya majaribio.

Ilitoka mibaya. Haikuungua, na haikuwa mibichi. Ilikuwa mibaya kwa namna ambayo hajapata kuiona. Ganda lilikuwa gumu, limepauka, halina mng'ao, na kila mkate ulikuwa umepasuka ubavuni kama kiatu kilichoachia.

"Hesabu zangu ziko sawa," Waya alisema. Alizipitia kwa tochi, akazipitia tena. "Joto liko sawa, mama. Wewe mwenyewe umelipima kwa unga." Akaizima tochi. "Nimekula akiba yangu, nimevunja tanuri lenu, na sijui kosa liko wapi."

Mama Waya aliumega mmoja, akala. Ndani ulikuwa mzuri, laini, wenye matundu yake. Kosa lilikuwa kwenye ngozi. Aliketi akitafuna, macho yakizunguka uani yakitafuta pa kutua, yakatua ukutani, kwenye msumari ulikoning'inia mkia.

Mkia ulikuwa mti mrefu wenye vipande vya gunia vilivyofungwa nchani. Kila alfajiri, mumewe akishavuta makaa, Mama Waya aliuchovya kwenye ndoo ya maji akapiga deki sakafu ya tanuri, majivu yasishike mikate. Safari hii hakukuwa na majivu. Hakukuwa na cha kufuta. Binti alisema maji yasikaribie umeme, na sakafu safi haifutwi, na mama akaona ni kweli. Mkia ulikuwa mkavu, vipande vya gunia vimesimama kama nywele zisizochanwa. Kwa miaka ishirini na sita hajapata kuuona mkavu.

"Waya," alisema, "maji yale yalikuwa yanakwenda wapi?"

"Maji yapi?"

"Ya mkia. Nilikuwa napiga deki kwenye moto ule, gunia linalia chwaaa, moshi mweupe unajaa ndani, nawahi kuingiza mikate kabla haujatoka. Nilidhani nafuta majivu." Alicheka peke yake. "Mwanangu, nilikuwa nainywesha mikate. Ganda linataka mvuke ili lilainike, mkate upate kufutuka ndipo likauke. Tumeinyima maji, ikapasuka kwa kiu."

Waya alimtazama mama yake, kisha ukuta wenye koili, na hofu ikamrudia.

"Maji na umeme, mama! Nimekukataza mimi mwenyewe!"

"Umeme uko wapi alfajiri? Si umeuzima jana saa tisa?"

Waya akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeamka kwenye ndoto mbaya. Siku ile ile alifunga kufuli kwenye swichi, na ufunguo akautia kwenye uzi na kumvisha mama yake shingoni. Swichi ikiwa chini na kufuli limefungwa, ndipo mkia unagusa maji. Kinyume cha hapo, hapana, hata aje nani.

Tarehe thelathini alfajiri Mama Waya aliamka mwenyewe. Pembeni yake mumewe alikuwa amelala. Alisimama akamsikiliza, kwa mazoea, akisubiri kikohozi kianze. Hakikuanza. Alitoka kwa ncha za vidole.

Uani afisa wa nishati alikuwa ameshafika, amejitanda kitenge cha fundi cherehani kwa baridi. Waya alikagua kufuli, akatikisa kichwa kukubali. Mama Waya akachovya mkia, akausukuma ndani. Gunia likalia chwaaa, mvuke ukajaa, mikate ikaingia, bati likafungwa. Waya alikuwa ameshika ncha ya kanga ya mama yake kama alipokuwa na miaka mitatu.

Ilipotoka, ilitoka inaimba. Kila mwokaji anaijua ile sauti ya ganda jembamba likipasuka-pasuka kwa baridi ya nje, mia mbili na arobaini kwa pamoja, kama mvua ya mbali. Afisa aliinama akasikiliza, kisha akatoa kalamu.

"Asante, mwanangu," Mama Waya alimwambia.

"Mimi nimeandika tu, mama."

"Ulikuja na miguu yako. Hiyo ndiyo ninayoishukuru."

Mkate wa kwanza aliufunga kwa kitambaa, akaenda akauweka kando ya mto wa mumewe. Kisha yeye na Waya wakasukuma mkokoteni hadi hospitali.

Mtunza stoo alisoma cheti mbele, akakigeuza nyuma, akakisoma mhuri. Akauchukua mkate, akaugeuza juu chini, akapitisha kidole. Akakitazama. Akapitisha cha pili.

"Tafuta vizuri, mwanangu," Mama Waya alisema kwa upole. "Ukiyakosa hapo, tunayo nyumbani. Yamevaliwa na tanuri."

Kijana alitaka kukaza uso, ukamshinda. "Mama," alisema akisaini, safari hii bila kutoboa, "wale wenzako waliotia sahihi wamekaguliwa jana. Wote nje. Wodi ya watoto wanauliza kama utaweza kuongeza themanini."

"Nitamuuliza fundi wangu," Mama Waya alisema, akamtazama binti yake.

Waliporudi jua lilikuwa limeshapanda ukutani. Baba Waya alikuwa ameketi kitandani, nywele upande mmoja, mkate magotini haujaguswa. Alionekana kama mtu aliyeshikwa na mali ya wenyewe.

"Umekosea, Mama Waya," alisema. "Huu si wangu. Sikuamka. Sikuwasha kitu. Mumpe aliyefanya kazi."

Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda. Aliusikiliza ule mwanzo na mwisho wa sentensi, pumzi moja toka huku hadi kule, bila kikohozi katikati.

"Kazi yako leo ilikuwa kulala," alimwambia, "na hakuna aliyeifanya vizuri kuliko wewe."

Akauchukua mkate, akaumega. Kipande cha kwanza alimpa mumewe, cha pili akamnyooshea Waya aliyekuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga, akitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa nne. Mama Waya alivua uzi shingoni, akampa na ufunguo.

"Nenda ukalilishe," alisema.